Injini Nyumbani: Kifaa Kipi Hakina Badala?

Siku za mapumziko, katika nyua za nyumba nyingi za miji yetu, huonekana boneti zilizofunguliwa. Mwenye gari ameinama juu ya injini, mtoto mmoja anamshikia tochi, na kando yake kuna bakuli la nati na sanduku la spana. Kazi huenda vizuri kwa saa moja au mbili. Kisha hufika mahali ambapo spana iliyopo haifai, na hapo ndipo huzuka swali la siku nyingi: je, injini yaweza kutengenezwa nyumbani bila ya vifaa maalumu?

Muuza vifaa wa Kariakoo atajibu kwamba haiwezekani, na papo hapo atafungua sanduku lenye vipande zaidi ya mia moja. Jirani naye atajibu kwamba yote hayo ni anasa, kwa kuwa yupo fundi anayemfahamu aliyeshusha injini ya lori kwa nyundo, tindo na kamba ya katani. Kila mmoja ana sehemu yake ya ukweli. Lakini mtu aliyesimama mbele ya injini iliyokwisha kufunguliwa, huku akihesabu siku zilizobaki kabla ya mshahara, anastahili jibu lililo bora kuliko hayo mawili. Gasketi moja iliyofungwa vibaya yatosha kula akiba ya ada za watoto.

Kwa maoni yangu, kosa huanzia katika kuviweka vifaa vyote maalumu katika fungu moja. Vipo vifaa vya kushikia, kuvutia na kufungulia, na vipo vifaa vya kupimia. Vile vya kwanza, isipokuwa vichache sana, vyaweza kubuniwa, kuazimwa au kuchongwa mtaani. Vile vya pili havina badala. Mkono wa binadamu una akili nyingi ya kushika na kuvuta, lakini jicho la binadamu, hata liwe la fundi wa miaka 40, haliwezi kuona sehemu ya ishirini ya milimita.

URITHI WA MIAKA YA UHABA

Wazee watakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipoadimika na vipuri vikawa vitu vya kutafutwa kwa tochi mchana. Magari hayakulala yote. Peugeot 404 na 504, Land Rover, na Volkswagen zile zenye injini nyuma ziliendelea kutembea kwa ubunifu wa mafundi wetu. (Hiyo 404 ilikwisha kujijengea jina hapa kwetu mapema: Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, aliiendesha na kushinda mashindano ya Safari mwaka 1966 na tena 1967.)

Ubunifu huo haukuwa wa kubahatisha, na inafaa tuutazame kwa karibu. Katika injini ya Peugeot hizo, silinda si matundu yaliyotobolewa tu ndani ya bloku. Ni mikebe ya chuma iliyopachikwa, ambayo maji ya kupozea huizunguka. Hedi ikishafunguliwa, mtu akiizungusha krenki bila kuwaza, pistoni huinyanyua mikebe hiyo kutoka mahali pake, mihuri ya chini huharibika, na maji hupata njia ya kuingia katika oili. Kiwanda kilitoa vibanio maalumu vya kuizuia. Fundi asiyekuwa navyo alichukua bolti, akaipa kila bolti kipande cha bomba na washa pana, akaikaza katika matundu ya bolti za hedi, na ile washa ikaushika ukingo wa mkebe. Kazi ilikuwa ileile, na mikebe haikutikisika.

Hali kadhalika kwa Volkswagen. Badala ya taa maalumu ya kupangia majira ya cheche, ilitosha balbu ndogo ya volti 12 na vipande viwili vya waya. Waya mmoja uliunganishwa penye koili, upande unaokwenda kwenye distributa, na mwingine ukagusishwa bodi ya gari. Swichi ikifunguliwa na distributa ikizungushwa polepole, balbu huwaka katika nukta ileile ambapo pointi zinaachana. Hicho nacho ni kifaa cha kupimia, ingawa bei yake ni ya balbu.

Hapo ndipo wengi wetu tuliurithi ushujaa wa mafundi wale tukaisahau nidhamu yao. Fundi aliyetumia balbu badala ya taa ya kiwandani alikuwa pia na fila geji mfukoni, yaani kile kijitabu cha majani membamba ya chuma, kila jani likiwa na unene wake ulioandikwa juu yake. Valvu za Volkswagen nyingi za aina ile hupangwa kwa nafasi ya milimita 0.15, injini ikiwa baridi. Nafasi ikiwa finyu mno, valvu haifungi sawasawa, moto hupita ukingoni mwake, na valvu huungua. Hakuna aliyeweza kuikadiria nafasi hiyo kwa ukucha, wala wao hawakujaribu.

SANDUKU DOGO LA NYUMBANI

Sasa tuje kwenye gari linalojaa katika mitaa yetu hivi leo. Chukua Toyota IST ya toleo la kwanza, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2002, yenye injini ya lita 1.5 ambayo mafundi huiita 1NZ. Injini hiyo imo pia katika Probox na magari mengine mengi ya familia na ya teksi. Mtu anayeifahamu atakubali kwamba sehemu kubwa ya bolti za juu zafunguliwa na spana namba 10, 12 na 14. Kubadilisha oili huhitaji namba 14 chini ya sampu, beseni la kupokelea oili chafu, na oili mpya lita 3.7 pamoja na filta.

Ile spana ya mnyororo ya kufungulia filta haina ulazima. Mkanda wa zamani wa alternata uliozungushwa mara moja na kuvutwa utaifungua, au hata kipande cha msasa kiganjani. Kuitoboa filta kwa bisibisi na kuizungusha ni desturi mbaya. Mara nyingi bati hupasuka, shina likabaki limeganda, na kazi ya dakika kumi ikawa ya mchana kutwa. Kuifunga mpya hakutaki spana yoyote: pakaa oili kwenye mpira wake, zungusha mpaka iguse, kisha kaza kwa mkono robo tatu ya mzunguko.

Plagi ni jambo jingine. Zimekaa ndani ya visima virefu katikati ya hedi, na spana ya kawaida haiwezi kuzifikia. Hapa soketi ndefu ya plagi, namba 16, yenye mpira wa kuishika plagi ndani yake, ni ya lazima. Ni kifaa maalumu kwa maana kamili ya neno, lakini ni cha bei ndogo na kitadumu kuliko gari lenyewe. Kuikaza plagi mpya yenye washa hakuhitaji kipimo cha ziada, kwani imekwisha kujipimia: ingiza kwa vidole mpaka ikae, kisha ongeza nusu ya mzunguko hadi theluthi mbili. Anayevuta zaidi ya hapo kwa kuogopa isilegee atakuja kuzing'oa nyuzi za hedi, nazo ni za alumini.

NAMBA SI HUKUMU

Watu huulizana pia juu ya mashine ya kompyuta. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 2000 yana soketi chini ya usukani, na siku hizi kisomeo kidogo kama kiberiti huchomekwa hapo kikazungumza na simu ya mkononi. Mimi nakihesabu miongoni mwa vifaa vya kupimia, na sioni sababu ya kukikataa. Tatizo ni jinsi tunavyolitumia jibu lake.

Tuseme taa ya injini imewaka, gari linatetemeka, na kisomeo kinaonyesha namba P0301. Wengi hukimbilia dukani kununua koili. Lakini namba hiyo haikutaja koili. Imesema tu kwamba silinda ya kwanza haichomi ipasavyo. Huenda ni koili, huenda ni plagi, huenda ni nozeli ya petroli, huenda ni valvu isiyofunga. Kwa hiyo zima gari, chukua spana namba 10, fungua koili ya silinda ya kwanza na ya pili, zibadilishane mahali, kisha ufute namba na uwashe tena. Ikija P0302, ugonjwa umehama pamoja na koili, na sasa waweza kwenda dukani kwa moyo mweupe. Ikirudi P0301, koili ni nzima. Umeokoa fedha, na utafutaji uendelee kwenye plagi.

Kikibaki kisichojulikana, geji ya kupimia mgandamizo wa silinda itasema. Silinda moja ikionyesha kipimo cha chini mno kuliko wenzake, mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi na upime tena. Kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimelika, maana oili imeziba kwa muda. Kisipopanda, shuku valvu au gasketi. Mtu aliyepima namna hii huenda gereji akijua anachokwenda kukitafuta, na si rahisi kuuziwa injini nzima kwa sababu ya valvu moja.

UNYWELE MMOJA

Nimeiweka kazi ya hedi mbele ya kazi nyingine kwa sababu ndiyo inayowaumiza watu wengi. Mambo hutokea hivi: rejeta inavuja kidogo kidogo, dereva wa teksi anaongeza maji ya bomba kila asubuhi, siku moja kwenye foleni sindano ya joto inapanda, naye anaamua kufika kwanza. Gasketi inaungua. Hedi inafunguliwa chini ya mwembe, gasketi mpya inanunuliwa, inafungwa, gari linawaka na kila mtu anashangilia. Baada ya wiki mbili maji yanachemka tena. Fundi analaumu gasketi kuwa ni bandia, mwenye gari anamlaumu fundi, na gasketi ya pili inanunuliwa.

Yawezekana gasketi ilikuwa bandia kweli. Lakini mara nyingi hakuna aliyeipima hedi. Hedi ya alumini iliyochemka hupinda, na kwa injini hii ya 1NZ kitabu cha kiwanda kinaruhusu upande unaokaa juu ya bloku upinde usizidi milimita 0.05. Hicho ni kipimo kisichozidi unene wa unywele wa mtu. Ukiitazama hedi ya namna hiyo utaapa kwamba imenyooka. Kipimo chake chahitaji vitu viwili tu: rula ya chuma iliyonyooka kwelikweli, na fila geji. Hedi husafishwa, rula ikalazwa juu yake kwa urefu, kwa upana na kwa mishazari, na jani la 0.05 likajaribiwa kupita chini ya rula. Likipita mahali popote, hedi iende kwenye mashine ikasawazishwe kabla ya jambo lolote jingine. Fila geji haifikii hata bei ya galoni moja ya oili, nayo ndiyo ingalimwokoa yule dereva wa teksi asinunue gasketi mara mbili.

Katika kazi hiyohiyo kuna kifaa cha kufungulia kisicho na badala, na sharti nikitaje ili nisionekane nimevidharau vyote. Bolti 10 za hedi ya 1NZ hazina kichwa cha kawaida. Ndani yake mna pembe 12, na hufunguliwa kwa soketi yake ya milimita 8. Watu hupachika alenki ya pembe sita na kuigonga kwa nyundo. Bolti tisa zitatii, ya kumi italika pembe zote, na tangu hapo kazi ni ya tindo, mashine ya kuchomelea na machozi. Soketi hiyo inunuliwe au iazimwe kabla ya kuanza, siyo katikati ya kazi.

NDOO YA LITA 20

Spana ya kupimia nguvu ya kukaza, ambayo mafundi huiita toki renchi, ndiyo inayoogopwa zaidi kwa bei yake. Vitabu huandika nguvu hiyo kwa Nyutoni-mita, na watu hudhani ni elimu ya wahandisi. Kumbe ni uzito tu unaoning'inia kwenye urefu fulani wa mkono wa spana, na uzito kila nyumba inao.

Nati za magurudumu ya Toyota ndogo nyingi hukazwa kwa Nyutoni-mita 103. Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, pamoja na ndoo yenyewe, ina uzito wa karibu kilo 21. Ikining'inizwa nusu mita kutoka katikati ya nati, mkono wa spana ukiwa umelala sawa na ardhi, hutoa nguvu ya Nyutoni-mita 103 karibu kamili. Gari liwe limeshuka chini. Ning'iniza ndoo taratibu; mkono ukishuka, iondoe, urudishe mkono mahali pake, ning'iniza tena, mpaka mkono utulie. Bomba lililounganishwa kwenye spana lina uzito wake pia, kwa hiyo punguza nusu lita ya maji kwa kila kilo moja ya spana na bomba lake.

Ndoo, hata hivyo, ina mpaka wake. Husaidia tu pale ambapo bolti imelala, kama ilivyo kwenye gurudumu. Bolti za hedi zimesimama wima, spana huzunguka ubavuni, na ndoo haina la kufanya hapo. Asiyekuwa na toki renchi atumie mizani ya springi, kama ile ya kupimia mizigo, aifunge nusu mita kutoka kwenye bolti na kuivuta kwa pembe mraba na mkono wa spana. Hatua ya kwanza ya bolti za 1NZ ni Nyutoni-mita 29, yaani kuvuta mpaka mizani isome karibu kilo 6. Huanziwa bolti za katikati, kisha kuelekea pembeni, kwa awamu. Baada ya hapo kila bolti huongezwa robo ya mzunguko, na mara ya pili robo nyingine. Ipo geji maalumu ya kupimia pembe hiyo, lakini kiwanda chenyewe katika kitabu chake kinaelekeza kutia alama ya rangi juu ya bolti na kuifuata kwa macho. Kikopo cha rangi ya kucha cha mama wa nyumbani chatosha kabisa.

Hata hivyo, mwenye nia ya kufungua injini zaidi ya mara moja ningemshauri anunue toki renchi. Mizani ni ya dharura. Na wanne katika jengo moja wakichanga, kila mmoja hutoa kidogo, na toki renchi, geji ya mgandamizo na kisomeo cha kompyuta vikawa mali ya wote, vikitunzwa na yule aliye mwangalifu kuliko wengine.

HERUFI TATU ZA KUTISHA

Anayefungua kitabu cha matengenezo cha Toyota atakutana mara kwa mara na herufi SST, zikifuatwa na namba ndefu inayoanza na 09. Hizo ni alama za vifaa maalumu vya kiwanda, na wengi wakiziona hufunga kitabu. Wasikifunge. Tazama picha ya kifaa na ujiulize kinafanya nini. Mara nyingi kinazuia puli isizunguke bolti yake inapofunguliwa, au kinavuta gia kutoka kwenye shafti. Kifaa cha kuzuia puli ni bapa la chuma lenye matundu mawili na bolti mbili. Mchomeleaji wa Gerezani atakitengeneza huku ukinywa chai. Lakini picha ikionyesha kitu chenye mistari na namba, hicho ni kipimo, wala usimpelekee mchomeleaji.

Sipendi kabisa ubunifu uingizwe katika kazi ya kulinda uhai. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulala chini yake. Gari linyanyuliwe mahali pagumu na tambarare, magurudumu ya upande mwingine yazuiwe, na liegemezwe juu ya stendi za chuma kabla mtu hajaingiza hata mkono. Tofali la saruji hupasuka ghafla bila kutoa onyo, na marundo ya mawe huteleza. Asiyekuwa na stendi asubiri mpaka aazime. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa moto, na watoto wanaoshika tochi wafundishwe jambo hilo kabla ya majina ya spana.

Zimebaki kazi ambazo nyumbani si mahali pake hata ukiwa na sanduku zima la dukani: kusawazisha hedi, kuchonga silinda, kupima pampu ya dizeli. Hizo huhitaji mashine zilizosimikwa sakafuni. Peleka kipande chenyewe, siyo gari zima, na ukiweza nenda na fila geji yako. Hedi ikitoka kwenye mashine, ilaze juu ya meza ya fundi uipime mbele yake kabla ya kulipa.

Vifaa vya kupimia visichanganywe na nyundo katika sanduku moja. Majani ya fila geji yafutwe, yapakwe oili kidogo na kufungwa katika kitambaa, kwani kutu ya chumvi ya pwani huongeza unene ambao hautauona. Rula isitumike kukwangulia gasketi ya zamani. Na toki renchi ya aina ya kulia “tik”, kila jioni kazi inapokwisha, irudishwe kwenye namba yake ya chini ili springi yake ipumzike, na isitumike kamwe kufungulia bolti iliyoganda.